Kabla hujasaini ankara ya hoteli Bujumbura

Mfanyabiashara anayeingia Bujumbura anajua kupigania bei ya kila kitu isipokuwa kitu kimoja. Sokoni Kwa Siyoni atabishana juu ya dazeni ya sahani mpaka muuzaji acheke. Bandarini atahesabu magunia mara tatu. Lakini asubuhi ya kuondoka, begi likiwa begani na gari la Kobero likipiga honi barabarani, anawekewa karatasi ya Kifaransa iliyojaa tarakimu, anaitupia jicho, anatoa dola na kusaini. Akifika nyumbani na kukaa na kalamu, ndipo anapogundua kwamba siku tatu za kulala zimekula faida ya mzigo.

Makosa ya ankara za hoteli yako kila mji. Nairobi yapo, Kampala yapo, Dar es Salaam yapo. Bujumbura ina matatizo yake ya ziada, na mengi hayatokani na mtu mwenye nia mbaya nyuma ya kaunta. Yanatokana na sarafu mbili, lugha ambayo wengi wetu hatukuisoma shuleni, na namna hesabu inavyosafiri kutoka faranga kwenda dola na kurudi. Asiyejua lipi ni kosa na lipi ni utaratibu hugombana pale asipopaswa, kisha akanyamaza pale haki yake inapoliwa.

Tuanze na sarafu, maana ndiko fedha nyingi zinakopotelea.

Hoteli nyingi za Bujumbura humtaka mgeni asiye mkazi wa Burundi alipe chumba kwa fedha za kigeni, hasa dola. Haisaidii kumkaripia binti wa mapokezi. Nchi ina njaa ya dola tangu mgogoro wa kisiasa wa 2015, ambao mwaka uliofuata uliufanya Umoja wa Ulaya usimamishe msaada wake wa moja kwa moja kwa serikali hadi Februari 2022. Februari 2020 Benki Kuu ya Burundi, BRB, ilifunga maduka yote ya kubadilishia fedha, na milango haikuanza kufunguliwa tena hadi mwishoni mwa 2022. Mei 2023 faranga ilishushwa thamani kwa mkupuo, kutoka chini kidogo ya 2,100 kwa dola hadi kupita 2,800. Hata hivyo bei ya mtaani iliendelea kukimbia, na kufikia 2025 ilikuwa imezidi bei rasmi zaidi ya mara mbili.

Kwa mkaazi wa Kigoma, Uvira au Kampala, hapa kuna jambo la kukera. Ameuza mzigo wake mjini, ana faranga halali mkononi, lakini mapokezi wanamwambia faranga hazitakiwi kwa chumba. Ni raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, ana kitambulisho au hati ya kusafiria ya Jumuiya, na bado kwa upande wa fedha ni mgeni sawa na aliyeshuka kutoka Brussels. Itifaki ya Soko la Pamoja ilianza kutumika Julai 1, 2010. Itifaki ya Umoja wa Fedha ilisainiwa Kampala Novemba 30, 2013, na sarafu moja iliyotarajiwa 2024 imesogezwa hadi 2031. Wakubwa wakisogeza tarehe kwenye mkutano, anayelipia ucheleweshaji huo ni mama mwenye mabegi mawili pale kaunta. Na mambo yanazidi kumchanganya Mtanzania, kwa sababu kwao, tangu kanuni za Machi 2025, bei za ndani zinatakiwa zitajwe na kulipwa kwa shilingi. Anavuka Manyovu kuingia Mugina na sheria inageuka juu chini.

Sasa tufanye hesabu. Tuchukue mfano wa mama anayeuza vyombo vya plastiki, aliyelala usiku tatu katika hoteli ya kawaida ya katikati ya mji. Chumba ni dola 40 kwa usiku, kodi na kifungua kinywa vikiwa ndani. Kila jioni amekula mukeke wa kukaanga na ugali, akanywa soda, akasema waandike kwenye chumba. Kila chakula faranga 54,000. Ili hesabu iwe nyepesi, tuseme hoteli inatumia 3,000 kwa dola, ambayo haiko mbali na kiwango rasmi cha miaka hii.

Chumba ni dola 120. Chakula ni faranga 162,000, zikigeuzwa ni dola 54. Jumla dola 174. Mama anatoa noti mbili za mia, na chenji ya dola 26 anarudishiwa kwa faranga, 78,000.

Hakuna tarakimu hata moja iliyokosewa hapo. Lakini chakula ambacho angeweza kukilipia papo hapo kwa faranga za mauzo yake kimemtoka kwa dola, na chenji aliyostahili kupewa kwa dola amepewa kwa faranga kwa kiwango rasmi. Akitaka kuzigeuza faranga hizo kuwa dola, benki itamwambia dola hakuna. Mtaani, kwa bei ya 6,500 kwa mfano, zile 78,000 ni dola 12 tu. Na mtaani kwenyewe si mahali pa kumshauri mtu aende: kubadilisha fedha nje ya benki na maduka yenye leseni ni kosa kwa sheria za Burundi, na watu wamekamatwa kwa hilo.

Kinga ya jambo hili iko kabla ya kulala. Usiandikishe chakula kwenye chumba. Lipia mezani, kwa faranga, uchukue risiti ya mezani. Sambusa na chai za Buyenzi hakuna atakayekudai dola. Kuja na noti ndogo za dola, za kumi, za tano na za moja, ili ulipe kiasi kamili na suala la chenji lisizuke. Noti ziwe safi na za miaka ya karibuni, kwa sababu noti chakavu au ya toleo la zamani itakataliwa au itapokelewa kwa thamani pungufu, kisha tofauti hiyo itaonekana kwenye ankara kana kwamba hukulipa yote. Na muulize mpokeaji siku ya kwanza, kabla hujapokea ufunguo, kiwango gani watatumia siku ya mwisho. Kiandikwe kwenye karatasi ya kuweka chumba. Kiwango kilichotajwa kwa mdomo Jumatatu huwa kimesahaulika Alhamisi.

Jambo jingine la faranga, kwa wale wanaoficha akiba kutoka safari moja hadi nyingine: Juni 2023 BRB iliondoa kwenye mzunguko noti za 10,000 na 5,000 za toleo la 2018, na ikatoa siku kumi tu za kuzibadilisha. Kama una bahasha ya zamani kabatini, itazame kabla ya kuihesabu kuwa mtaji.

Tukija kwenye makosa yenyewe, yale ambayo mtu ana haki ya kuyakataa, tumrudie mama wetu. Tuseme ankara yake imekuja tofauti: kifungua kinywa kimeandikwa mara tatu, faranga 15,000 kila siku, yaani dola 15. Kuna usiku wa nne, dola 40. Na chini kabisa imeongezwa kodi ya asilimia 18 juu ya chumba, dola 21.60. Hiyo ni dola 76.60 ambazo hadaiwi. Kwa wengi wetu hiyo ni nauli ya kwenda na kurudi na ya kubebea mzigo juu.

Kodi ndiyo inayopita bila kuonekana, kwa sababu inaonekana ya kiserikali. Kodi ya ongezeko la thamani Burundi ni asilimia 18, ilianza mwaka 2009, na kwenye karatasi inaitwa TVA. Tafuta herufi mbili za msingi: HTVA maana yake bila kodi, TVAC maana yake kodi ikiwa ndani. Kama bei uliyokubaliana ilikuwa TVAC, basi kodi imo tayari, na ankara sahihi ya dola 120 inaonyesha chumba 101.69, TVA 18.31, jumla 120. Ukiona 120 kisha TVA 21.60 kisha 141.60, kodi imetozwa juu ya kodi. Usibishane kwa maneno. Chukua kikokotoo cha simu, gawanya 120 kwa 1.18 mbele ya mhasibu, na mwache aone mwenyewe. Mara nyingi ni mpangilio wa kompyuta: mtu ameingiza bei yenye kodi mahali pa bei isiyo na kodi, na kila mgeni wa wiki hiyo amelipa hivyo hivyo. Lakini kama siku ya kwanza ulikubali dola 40 bila kuuliza ni HTVA au TVAC, mhasibu naye ana hoja, na hapo utapata nusu ya haki yako kwa hisani.

Usiku wa ziada huzaliwa na saa. Burundi iko nyuma kwa saa moja ukilinganisha na Tanzania, Kenya na Uganda. Na Uvira iko sawa nayo. Anayetoka Dar es Salaam kwa basi anaweza kufika alfajiri, akapewa chumba saa kumi na moja, na hoteli ikahesabu usiku uliopita. Huo si wizi, ndivyo hoteli nyingi duniani zinavyohesabu, lakini lazima uambiwe kabla ya kupanda ngazi. Upande wa kuondoka, hoteli nyingi hufunga siku saa sita mchana kwa saa ya Bujumbura. Ukitaka kukaa hadi saa nane usubiri gari, omba na uandikiwe. Na unapoweka chumba kwa simu, taja saa kwa namna zote mbili. Kwa Kirundi kama kwa Kiswahili, saa mbili asubuhi ni saa mbili. Lakini anayeingiza kwenye kompyuta anaandika kwa Kifaransa, na "saa mbili" yako inaweza kuwa 2h, usiku wa manane, tarehe nyingine kabisa.

Halafu kuna maandishi yenyewe. Ankara ni facture, mtaani utasikia ikiitwa fagitire. Nuitée ni usiku mmoja wa kulala. Hapo ndipo pa kuhesabu kwa kidole. Petit déjeuner compris ni kifungua kinywa kikiwa ndani ya bei, na maneno hayo yakiwemo kwenye karatasi ya kuweka chumba, mstari wowote wa kifungua kinywa kwenye ankara ni wa kufutwa. Acompte au avance ni malipo ya awali uliyotoa. Kama ulituma kianzio kwa Lumicash au EcoCash kupitia mwenyeji wako, angalia kwamba kimeonekana na kimeondolewa. Kianzio kilichosahauliwa kinaumiza kuliko kosa lolote la kujumlisha, kwa sababu alayekipokea anaweza kuwa si yule aliye zamu siku unayoondoka. Weka ujumbe wa simu, usiufute. Caution ni amana ya kurudishwa. Solde ni salio, unachodaiwa sasa.

Tarakimu nazo zina vituko vyake. Burundi hutenganisha maelfu kwa nukta, hivyo 150.000 ni laki moja na nusu, si mia na hamsini. Moja ya kuandikwa kwa mkono ina mkia mrefu mbele, na anayetoka upande wetu huisoma saba. Saba yao ina mstari katikati. Na akikutajia bei kwa mdomo, kumbuka Kifaransa cha huku kilikuja na Wabelgiji: septante ni sabini, nonante ni tisini. Aliyejifunza Kifaransa cha Paris kwa simu atababaika hapo.

Hayo ni ya hoteli zenye kompyuta. Wengi wa wasomaji wa ukurasa huu hulala Buyenzi, Bwiza au Kamenge, kwenye nyumba za wageni ambako ankara ni mstari kwenye daftari na risiti ni kipande kilichochanwa. Kule bei huwa ya faranga, Kiswahili kinatosha, na ugomvi wa kiwango cha dola mara nyingi haupo. Kosa la kule ni la aina nyingine: wageni wawili wa chumba kimoja kila mmoja kuandikiwa chumba kizima, au malipo ya kila siku kupokelewa na kijana ambaye hakuyaandika. Lipa kila asubuhi, andika mwenyewe kwenye daftari lako mbele yake, naye atie saini. Hakuna mwenye nyumba ya heshima anayechukia hilo. Mwenye kuchukia amekusaidia kujua.

Kwenye hoteli rasmi, jambo ambalo wafanyabiashara wengi hawajalijua ni kwamba wakati wa kulalamika una mwisho. Mamlaka ya mapato ya Burundi, OBR, imeleta mfumo wa ankara za kielektroniki, na ankara ikishatumwa huko haifutwi kwa kalamu. Inarekebishwa kwa kutoa karatasi nyingine inayoitwa facture d'avoir, inayopunguza au kubatilisha ile ya kwanza. Kwa mhasibu hiyo ni kazi, na maelezo ya kutoa kwa bosi. Ndiyo maana asubuhi ya kuondoka utaambiwa "imeshatoka, haiwezekani". Inawezekana. Itaje facture d'avoir kwa jina lake, taratibu, na utaona uso ukibadilika. Lakini njia nyepesi ni kuomba proforma jioni kabla ya kuondoka, wakati hakuna foleni wala honi, uipitie mstari kwa mstari kitandani, na makosa yarekebishwe kabla ankara ya mwisho haijachapwa.

Ankara halali utaitambua kwa namba ya mlipakodi wa hoteli, NIF, namba ya usajili wa biashara, RC, na mstari unaosema kama hoteli imesajiliwa kwa TVA au la. Mstari huo usiuruke: hoteli isiyosajiliwa kwa TVA haina ruhusa ya kukutoza TVA. Ukiona "Assujetti à la TVA: Non" na chini kuna asilimia 18, huna haja ya kikokotoo.

Kosa likionekana, mpokeaji si mtu wa kumaliza naye. Ana haki ya kuandika, hana haki ya kufuta. Mwombe mhasibu, na baada yake meneja, ambaye huitwa gérant. Zungumza ukiwa umeshika karatasi ya kuweka chumba, risiti za mezani na ujumbe wa kianzio. Lipa sehemu isiyo na ubishi, uandikiwe kuwa umelipa, na sehemu yenye ubishi ibaki wazi kwenye maandishi. Anayekataa kulipa chochote hujiweka kwenye nafasi ya mdaiwa sugu, na hoteli ikiita polisi hadithi inaanza kusimuliwa kutoka upande wao. Hati yako ya kusafiria waache watoe nakala siku ya kwanza na wakurudishie hapo hapo; ikibaki kabatini kwao siku tatu, siku ya ubishi itageuka dhamana.

Ukiwa umeshindwa ndani ya hoteli, kuna ABUCO, chama cha watumiaji wa bidhaa na huduma Burundi, na kuna OBR yenyewe pale suala linapohusu kodi iliyotozwa vibaya au ankara iliyokataliwa kutolewa. Sheria ya Ushindani ya Jumuiya ya mwaka 2006 inagusa pia ulinzi wa mtumiaji, na mamlaka yake ipo Arusha, ila kwa dola 76 hakuna atakayekwenda Arusha. Ubalozi wako hautakulipia ankara, ingawa unaweza kukuelekeza au kupiga simu moja inayofungua mlango. Kwa waliolipa kwa kadi kupitia mitandao ya kuwekea vyumba, piga picha ya uthibitisho wenye bei, na kama umekatwa mara mbili andikia benki yako mara ufikapo nyumbani, usisubiri mwezi uishe.

Njia yenye nguvu zaidi bado ni kwenda kwa kundi. Wafanyabiashara kumi wa soko moja wanaolala hoteli moja kila mwezi wanaweza kuomba bei ya maandishi: TVAC, kifungua kinywa ndani, kiwango cha kubadilishia kikitajwa, saa ya kuondoka ikisogezwa hadi saa nane. Hoteli za Bujumbura zina vyumba vitupu siku nyingi, na mpaka na Rwanda, ambao Burundi iliufunga Januari 2024, umepunguza wageni waliokuwa wakiingia kwa barabara ya Kigali. Meneja anayeona wageni kumi wa uhakika atakaa mezani. Karatasi hiyo ikipatikana, kila mmoja abebe nakala yake, na ya simu, kwa sababu mpokeaji wa zamu ya usiku hajawahi kuiona.

Ankara ya mwisho usiitupe Kobero. Gharama za kulala ni gharama za biashara, na afisa wa kodi nyumbani anayekukadiria faida atataka kuona karatasi. Iandike pembeni kwa Kiswahili, kwa kalamu yako: tarehe, usiku ngapi, kiasi gani kwa sarafu gani, kiwango kilichotumika. Miezi sita baadaye nuitée hutaikumbuka.